Insha Moja ya Namba Kumi na Nane

Shuleni walimwita Mizani, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Miaka ishirini na mbili alikuwa akifundisha lugha, na hakuna mzazi aliyewahi kumtoa hata nusu alama, si kwa maneno matamu, si kwa machozi. Insha zikikusanywa, alizipanga kwa namba za mtihani, moja hadi arobaini na mbili, akazigonga mezani zikae sawa kama matofali, akavaa miwani, akashika kalamu nyekundu. Namba moja ilisomwa kwanza, namba mbili ikafuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuruka wala hakurudi nyuma.

"Alama ni alama," alizoea kusema. "Haina mjomba wala shangazi."

Basi mwaka huo alama ikamjaribu kama kweli haina mjomba. Mpwa wake, binti wa mdogo wake wa tumbo moja, alifanya mtihani wa mwisho wa mwaka akiwa na namba kumi na nane. Masomo mengine alivuka. Kwenye insha akapata tisa kwa ishirini, na ili asirudie darasa alihitaji kumi na mbili. Aliyempa hiyo tisa ni Mizani mwenyewe. Orodha ya wanaorudia ingebandikwa ukutani Ijumaa.

Mama wa binti hakuja kuomba. Angekuja kuomba ingekuwa afadhali. Alichofanya ni kuacha kumwita kaka. Walipokutana dukani Jumatatu alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu zote, kama mzazi yeyote wa mtoto yeyote, akachukua sabuni yake akaenda zake. Mizani alibaki ameshika kibiriti, hajui kama amekuja kukinunua au kukirudisha.

Jumatano akaja mama mmoja kutoka ofisi ya elimu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na begi lake lilijaa bahasha za kaki. Aliwaeleza walimu sita wa lugha kwamba hakuja kuwapima wanafunzi. Amekuja kuangalia namna wanafunzi wanavyopimwa. Wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba leo kinyozi ananyolewa, wenzake wakacheka, na Mizani alicheka kuliko wote, maana yeye hakuwa na wasiwasi.

Asubuhi kila mwalimu alipewa insha thelathini, nakala zisizo na jina wala alama, kutoka shule nyingine, pamoja na karatasi ya kuandikia alama. Mchana wakapewa nyingine thelathini. Insha zenyewe zilikuwa za kawaida, kichwa kimoja kwa wote, ukisoma kumi unaona umesoma hiyo hiyo mara kumi. Mizani akapiga kazi, akamaliza wa kwanza.

Saa tisa yule mama alimwita pembeni, kwenye meza iliyo karibu na kabati lisilo na mlango, akamwekea mbele karatasi zake mbili za alama.

"Zile za mchana ni zile zile za asubuhi," alisema. "Nimezibadilisha mpangilio tu. Hii ya mtoto aliyepotelewa na ufunguo, asubuhi umeipa kumi na nne. Mchana umeipa nane."

Mizani akaangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaangalia tena. Nane haikuondoka. Alitaka kusema karatasi zimebadilishwa, lakini mwandiko ulikuwa wake, hata ile nane yenye kichwa kidogo na tumbo kubwa ambayo wanafunzi humwigiza ubaoni akigeuka. Akafikiria labda ni shibe ya mchana. Lakini siku hiyo hakula, alikunywa chai tu.

"Labda nilichoka," alisema.

Mama wa ofisi ya elimu akamwonyesha kwa kidole. Asubuhi ile insha ilikuja baada ya nyingine mbovu, iliyojaa makosa. Mchana ilikuja baada ya nzuri kuliko zote. Akamwambia asijione peke yake, walimu wote sita wamefanya vivyo hivyo, insha nzuri ikitangulia, inayofuata inaumia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, darasani kwake huwa anazisoma kwa mpangilio gani.

"Kwa namba za mtihani."

"Kila mara?"

"Kila mara. Miaka yote."

Yule mama alifungua daftari lake. Akaandika mstari mmoja, na Mizani angetoa chochote kujua kilichoandikwa pale.

Alikuwa ameshavuka geti, anatembea kurudi nyumbani, ndipo jambo lilipomjia akilini. Namba kumi na nane ni mpwa wake. Namba kumi na saba ni nani? Ni yule binti anayeongoza darasa, anayeandika mpaka walimu wanaitana kusoma. Mwaka mzima, kila jaribio, mpwa wake alikuwa akisomwa baada ya huyo. Mizani alisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akamkwepa na kumuuliza kama ameota mizizi. Mawazo yalizidi kumvuruga. Na yule mvulana namba thelathini na mbili? Huyo husomwa baada ya kijana asiyeandika zaidi ya mistari mitano. Alikuwa na kumi na mbili kamili, amevuka. Je, amevuka kwa miguu yake, au amebebwa na mistari mitano ya mwenzake? Na wale wa mwaka jana? Na wa miaka ishirini na mbili? Hesabu hiyo hakuiweza, akaiacha pale pale barabarani.

Alhamisi aliwahi shuleni kabla ya kengele. Akazichanganya insha za darasa lake kama karata, akafunika alama za zamani kwa vipande vya karatasi, akaanza upya. Ya mpwa wake akaipa kumi na tatu. Akafurahi, kisha furaha ikamtumbukia nyongo. Mwandiko wa yule mtoto anaujua tangu anajifunza kushika penseli mezani kwake. Sasa hii kumi na tatu imetoka kwenye insha, au imetoka kwa Mjomba? Na ile tisa, ilitoka kwa namba kumi na saba, au ilitoka kwa mtu aliyeogopa kuitwa Mjomba? Alijiuliza mpaka kichwa kikauma. Kinyozi hajinyoi, kumbe na mpwa wake hamnyoi.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, akaeleza yote, na alieleza vibaya, akianzia katikati. Mwalimu mkuu alimsikiliza, kisha akasema jambo lenyewe ni dogo, ile insha ya namba kumi na nane isomwe na mwalimu mwingine, yaishe kimya kimya, orodha ibandikwe kesho kama kawaida.

"Hapana, mkuu. Zisomwe zote."

"Zote? Na wakishuka waliovuka?"

"Hapo ndipo sijui."

Mwalimu mkuu alimkodolea macho. Tangu wafahamiane, hakuwahi kumsikia Mizani akisema sijui.

Orodha haikubandikwa Ijumaa. Walimu wawili wa madarasa mengine walikaa siku mbili, insha zimechanganywa, namba zimefunikwa, kila mmoja akaandika alama zake bila kuona za mwenzake. Mizani alikatazwa kuingia chumba hicho, akawa anapita dirishani na rula mkononi kana kwamba ana kitu cha kupima. Matokeo yakatoka Jumanne. Namba kumi na nane mmoja alimpa kumi na tatu, mwingine kumi na moja, wastani kumi na mbili. Amevuka. Namba thelathini na mbili alishuka hadi tisa. Mwalimu mkuu akaamua anayepanda apande, lakini hakuna wa kushushwa, kosa ni la walimu, haliwezi kubebeshwa mtoto. Wote wakaona ni busara. Mizani naye akaona ni busara, ila hakuelewa tena kumi na mbili ni kitu gani.

Jioni akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta anaanua nguo kwenye kamba, vibanio mdomoni. Mizani akamweleza habari za mpangilio, za namba kumi na saba, za wastani, mpaka mdogo wake akatoa vibanio mdomoni.

"Kaka, mtoto amevuka au hajavuka?"

Hilo kaka lilimfikia kabla ya swali. "Amevuka," akasema.

Binti alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Hakuruka kwa furaha. Alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mjomba, kwa hiyo mimi ni wa alama tisa, au kumi na mbili, au kumi na tatu?"

"Alama ni..." Mizani akaanza.

"Maana mimi," binti akaendelea, "niliandika insha moja tu."

Mjomba wake akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Akampa binti ile insha aliyokuja nayo kutoka shuleni, akamwambia amsomee kwa sauti, taratibu. Kalamu nyekundu aliitoa mfukoni, akampa mdogo wake amshikie.