Miti Niliyobandika Ukutani kwa Ajili ya Mtambo wa Mpofi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Bweremana, mkuu wa karakana aliuliza nimesoma hadi wapi. Nilimwambia niliacha shule ya msingi wazazi walipokufa, nikabaki na wadogo wanne. Akanipa ufagio. Jina likanibaki: Balai, yaani ufagio kwa Kifaransa.

Tulitengeneza vidhibiti vya mitambo midogo ya umeme wa maji. Injinia aliandika amri zinazoiambia chipu iwe saketi ya namna gani, kisha programu ikazichora kama mti: kila amri duara, na mstari unaopanda hadi amri inayoitawala. Kazi yangu ikawa kuchapa miti hiyo na kuibandika ukutani. Wenzangu waliisoma toka juu. Mimi nilianza chini, nikiuliza kila duara mama yake ni nani, kama nilivyohesabu wadogo zangu kwenye sahani ya ugali.

Nilihamishiwa Kashebere, kisha Mpofi, ambako mtambo ungewasha taa za wodi ya uzazi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mkunga pale. Siku moja kabla ya kufungua maji nikabandika mti wa mwisho.

“Papa Injeniere, huyu mutoto hana mama.”

“Balai, umeanza kuzalisha karatasi?”

“Angalia. ‘Panua lango’ iko inje ya ‘mto ukipungua’. Lango itapanuka hata mto ikijaa.”

Alicheka, akafuata mstari kwa kidole, akaurudia toka chini. Alikuwa amesahau maneno mawili yanayofungia amri ndani ya sharti. Kwenye skrini mistari ya amri ilikuwa imepangwa vizuri kana kwamba imefungwa, ikamdanganya. Mafuriko ya kwanza yangeuvunja mtambo.

“Maji haifunguliwe kesho,” akasema. “Tunaanza upya.”

Dada yangu mkunga alikasirika. “Kaka, miye nilishaambia bamama taa ni kesho! Sasa bazalie tena ku tochi ya simu?”

Walizalia kwenye tochi wiki mbili zaidi.

Nimestaafu kwa sababu ya macho; mistari ile sasa naiona imeshikana. Nimechoka, vijana wa karakana, na ufundi wangu wote ulikuwa huo wa kuuliza nani ni wa nani. Mvua kubwa ikinyesha milimani huku Masisi, nakaa kitini na viatu miguuni, hadi dada apige simu.

“Kaka, taa iko inawaka.”

Ndipo navivua.