Celestina na Kurudi Kundini Kila Mwaka

Kama umewahi kushuka Kilosa ukiwa na njaa, huenda umekula kwa Celestina bila kumjua jina. Mgahawa wake ni ule wa mabati ya bluu, njia ya kwenda sokoni, wenye mabenchi marefu na sufuria ya wali isiyopoa kutwa nzima. Yeye mwenyewe utamsikia kabla hujamwona. Anacheka kwa sauti kubwa, anaita kila mteja "mwanangu", hata wenye mvi, na ukibakiza chakula anakuuliza ni nani aliyekuudhi. Mimi nauza vitenge kibanda cha jirani. Tumejuana miaka mingi, na nasema bila kumwonea: mwanamke mkaidi kama huyu sijamwona.

Kwao ni Chanzuru. Wazazi wake ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, wakapata shamba, wakabaki. Alipoolewa akahamia Mikumi, akafungua mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Goodhope, na kazi ya kumlisha. Celestina akakaza kanga kiunoni, akapika.

Balaa lilianza pale mwanamke mwingine alipofungua mgahawa upande wa pili wa barabara na wateja wakaanza kuvuka. Mimi, kama ningekuwepo, ningemwambia apunguze chumvi. Lakini sikuwepo, na Celestina akaenda kwa mganga. Mganga akampa unga uliofungwa kwenye kitambaa chekundu, akamwambia auchomeke juu ya mlango, kisha akae tu, wateja watakuja wenyewe.

Sasa Mikumi kuna nyani. Kila mtu wa Mikumi anajua huachi kitu juu ya mlango, lakini mtu akishaingiwa na tamaa ya dawa, akili inakwenda likizo. Mchana mmoja, mabenchi yakiwa na watu kiasi, nyani dume akashuka kutoka kwenye paa, akachomoa kitambaa, akakaa juu ya meza na kukifungua taratibu mbele ya wote. Akaonja. Akakohoa, akapiga chafya, unga wote ukamwagikia sahani ya mzee wa kanisa aliyekuwa anakula maharage yake kwa amani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ule ni unga wa nini. Na dawa yenyewe, kusema haki, ilifanya kazi. Yule nyani alirudi kila siku.

Mikumi wanacheka mpaka leo. Kanisa halikucheka. Jumapili iliyofuata jina lake likatangazwa kwamba ametengwa. Kwetu ukitengwa hufukuzwi ibadani. Unakuja, unakaa, unasikiliza. Lakini meza ya Bwana huikaribii, wala huruhusiwi kusimamia mtoto wa mtu kwenye ubatizo, mpaka siku utakapotoka mbele ya watu, ukatubu, ukapokewa tena. Huko ndiko tunakokuita kurudi kundini. Celestina alirudi kabla mwaka haujaisha. Akalia, akaombewa, akapewa mkono na kanisa zima, akala na kunywa mezani pamoja na wengine. Yakawa yamekwisha.

Yaliisha kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Alipohamia Kilosa alidhani ameyaacha nyuma, lakini madereva wa malori wana midomo, na haikuchukua muda akawa Mama Dawa hapa pia. Mtu akisifia wali wake, mwingine anadakia, "Dawa imekubali!" Celestina anacheka kuwapita wote. Ukimwona hivyo utasema hana habari. Ila kila Jumapili ya Matawi, mchungaji anapowaita wanaorudi kundini, Celestina naye anainuka na kwenda mbele.

Mwaka wa kwanza tulidhani ana jambo jipya, na tulihangaika sana kulitafuta. Tulipolikosa, tukajua ni lile lile la nyani. Mwaka uliofuata akaenda tena, na uliofuata tena. Mchungaji wetu wa zamani alikuwa mpole kupita kiasi. Aliona akimzuia atamvunja moyo, basi akawa anamwekea mikono pamoja na wengine na kuendelea na ibada. Ikawa desturi. Hata watoto wa shule ya Jumapili walijua mpangilio: matawi, kwaya, Mama Goodhope analia, halafu nyumbani.

Siku moja nikamvaa. "Shoga, unatubu nini kila mwaka?"

"Kile kile."

"Kwani hukusamehewa?"

"Nilisamehewa," akasema, huku anachambua mchele. "Lakini Mungu si alikiona kile kitambaa? Watu tu wananiangalia wanaona dawa. Sembuse yeye anayeona mpaka ndani."

Nikarudi kibandani kwangu nimeudhika sana.

Basi akaja Jenipher. Huyu ni binti yatima aliyeolewa na kijana wa Vidunda, akapanga chumba nyuma ya mgahawa. Hakuwa na mama wala shangazi, akajikuta ana Celestina. Alipopata uchungu, Celestina ndiye aliyekwenda naye hospitali. Aliporudi na mtoto wa kike, Celestina ndiye aliyemkanda kwa maji moto, akampikia uji na supu, akamfokea kila aliposahau kumfunika mtoto kichwa. Ubatizo ukapangwa Pasaka. Jenipher akaja mgahawani, akapiga goti kidogo kama inavyopasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nataka wewe ndiye umsimamie mtoto. Umbebe siku ya ubatizo."

Nilitegemea kelele za furaha. Celestina akaweka mwiko chini. "Tafuta mwingine, mwanangu. Mtoto hana kosa, asibebwe na Mama Dawa."

Jenipher akalia. Tukasema, tukabembeleza, mimi nikapandisha sauti mpaka mteja akahamisha sahani. Mwisho Celestina akakubali kwa sharti. Mwaka ule tulikuwa na mchungaji mpya. Atarudi kundini kwa huyu mpya, safari hii vizuri, aungame mpaka chembe ya mwisho ya ule unga, na akipokewa ndipo atambeba mtoto. Asipopokewa, basi.

"Asipopokewa, mwanangu atasubiri," akasema Jenipher, akipangusa macho. "Hata akibatizwa akiwa bibi."

Wakati huo wakwe zake kule Vidunda walikwisha kuanza kujiandaa kushuka mlimani na masika yale, na mbuzi alikwisha kupatikana.

Jumapili ya Matawi ikafika. Mchungaji mpya ni mwanamke, Mchungaji Anastazia, umri wa kuweza kuwa mdogo wake Celestina wa mwisho. Walitoka mbele wachache, Celestina akiwa wa mwisho kwenye mstari, kitambaa cha machozi tayari mkononi. Mchungaji akazungumza na kila mmoja, akamwombea, akampa mkono. Akafika kwake.

"Mama, unarudi kutoka wapi?"

Hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. "Kwa mganga, mchungaji. Mikumi."

"Ulikwenda lini?"

"Zamani. Goodhope alikuwa shule ya msingi."

Sasa Goodhope ana mke na watoto, anafundisha Dodoma. Watu wakaanza kucheka chini kwa chini.

"Na hujawahi kurudi tangu hapo?"

"Nimerudi. Nilirudi kule Mikumi. Na mwaka jana nilirudi hapa. Na mwaka juzi." Akafikiri, akaona aseme kweli yote. "Na ile mingine."

Kanisa likaangua kicheko, na Mchungaji Anastazia mwenyewe akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Alipotulia akamshika Celestina mikono yote miwili. "Mama, siwezi kukurudisha. Uko ndani. Unapiga hodi umekaa sebuleni. Nenda ukakae, mama yangu."

Alisema kwa upendo, wote tulisikia. Wote isipokuwa aliyeambiwa. Celestina aligeuka, akapita katikati ya mabenchi na tawi lake la mnazi, akatoka nje, akaenda zake.

Nilimkuta mgahawani anapiga unga wa chapati kama umemkosea. "Amenikataa!" akasema. "Wezi wamepokewa, walevi wamepokewa, mimi nimeambiwa nikakae! Dhambi yangu ndiyo imeshinda zote!" Akaendelea kwa Kisukuma, ambacho sikijui, lakini nilielewa. Nami nikampigia kelele kwamba hakukataliwa, kwamba ana kichwa kigumu kuliko lile benchi. Hatukuelewana. Jenipher alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akatusikiliza, akarudi chumbani kwake.

Jumatano, mchana, Mchungaji Anastazia akaja kula. Nikaacha kibanda changu wazi, nikasogea, kwa sababu mambo kama haya hayasimuliwi, yanatazamwa.

"Shikamoo mama."

Celestina alikaa na ile shikamoo muda mrefu mno. Nikaona aibu mimi. "Marahaba," akasema hatimaye, akampakulia wali na kipande cha samaki cha mkiani, chenye miiba mitupu. Mchungaji akala chote, akaomba aongezwe. Hapo Celestina akalegea kidogo, maana hawezi kumchukia mtu anayeongeza. Akamletea kipande cha maana.

"Mama, Goodhope hajambo?" akauliza mchungaji.

"Hajambo. Anakuja Pasaka."

"Aliwahi kukukosea?"

"Goodhope?" Celestina akacheka bila kupenda. "Yule aliuza redio ya marehemu baba yake akakimbilia Morogoro. Nililia mpaka nikaugua. Alirudi amekonda, nguo zimechakaa, nikampikia ugali."

"Ukamsamehe?"

"Mwanangu yule!"

"Sasa Pasaka hii akifika, akasimama hapo nje, akapiga magoti, akakuambia, mama naomba niwe mwanao tena, niliuza redio. Utasemaje?"

"Nitamshangaa. Nitamwambia aingie ale."

"Na akija mwakani akapiga magoti tena? Na mwaka mwingine, na mwingine, kila Pasaka, haingii ndani mpaka alie kwanza?"

Celestina alichukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena.

"Ningeona ananitukana," akasema polepole. "Ningesema, huyu mtoto hajawahi kuniamini hata siku moja. Namwangalia naona mwanangu, yeye anaona redio."

Mchungaji alikuwa na akili ya kuendelea kula.

Celestina akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo halifanyi kamwe wakati wa kazi. "Kumbe nimemtukana Mungu miaka yote hii," akasema, na machozi yakamtoka. Halafu, papo hapo, akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kile kicheko chake kikubwa, mpaka wapita njia wakachungulia. "Na kwa unyenyekevu! Nimemtukana kwa unyenyekevu!" Mimi nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nilimwambia, lakini nilijikuta nalia naye, ikabidi nitumie kitenge cha kuuza kujifutia.

Pasaka mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu wa Vidunda walifika na matope mpaka magotini, wakashangilia, wakajazana mabenchi ya mbele. Celestina akasimama na kitenge kipya, nilichomchagulia mwenyewe, mtoto mikononi. Kimya kikiwa kimetanda, babu mmoja wa upande wa mume, mzito wa masikio na kwa hiyo mzito wa sauti, akamwuliza mwenzake, "Huyu si ndiye Mama Dawa wa Mikumi?"

Kanisa zima likasikia. Jenipher akainamisha kichwa. Nilitamani kumkanyaga yule mzee.

Celestina akageuka. "Ndiye, baba. Shikamoo. Baada ya ibada karibu chakula." Kisha akamgeukia mchungaji, akamsogeza mtoto mbele. Alipoulizwa ni nani anayemleta mtoto huyu, akajibu kwa sauti yake ya kuita wateja, "Ni mimi, Celestina, binti wa nyumba hii." Mtoto akalia, maji yakamwagwa, kwaya ikapokea. Babu alikula sahani mbili na akafunga nyingine kwenda nayo mlimani.

Mwaka huu, Jumapili ya Matawi, mchungaji alipowaita wanaorudi kundini, kanisa zima liligeuka kumtazama Celestina. Alikaa. Alikunja mikono akatazama mbele, na mimi kando yake nikashusha pumzi. Aliyesimama alikuwa mtu mmoja tu, Luhaga, mfugaji wa Mvumi, aliyekuwa amepotelea kwenye pombe mpaka familia ikamkimbia. Alitoka nyuma kabisa. Alifika katikati ya kanisa, akabaki amesimama pale na kofia mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na watu wote wanamtazama.

Celestina akainuka.

Nikasikia kanisa linaguna. Nikamshika kanga nimvute, akanitoa mkono. Akamfuata Luhaga, akamshika kiwiko, wakatembea pamoja mpaka mbele. Mchungaji Anastazia alimtazama, na safari hii hakucheka.

"Mama, na wewe unarudi?"

"Hapana, mchungaji," akasema Celestina. "Mimi ni mwenyeji. Nimekuja kumpokea mgeni."