Mchele wa Msibani

Mwaka ule kila mtu hapa kwetu Ilomba, Mbeya, aligeuka hakimu. Ukienda saluni, wanahukumu. Ukienda kununua nyanya, muuza nyanya anakuuliza kama yule askari wa Iringa anayeshtakiwa kwa kuua ataachiwa, na kabla hujafungua mdomo anakujibu mwenyewe. Hawakujua kwamba marehemu waliyekuwa wakimjadili alikuwa mtoto wa dada yangu, nami sikuwaambia. Niliwashonea nguo zao nikanyamaza, huku nikikanyaga cherehani kwa hasira hadi sindano zinakatika.

Kijana wetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti huko Iringa. Alikamatwa kwa ajili ya pikipiki iliyoibwa, ambayo baadaye ilikutwa kwa mtu mwingine kabisa. Asubuhi yake dada alipompelekea chai kituoni, akaambiwa mwanawe ameugua ghafla na amefariki. Presha, walisema. Presha gani, kwa kijana aliyekuwa anashinda na vyuma begani? Lakini tulipewa mwili na karatasi yake, tukapewa na pole, na sisi ni watu wa kulia kwanza na kuuliza baadaye. Tukazika.

Sasa niseme habari ya mchele, maana ndiyo iliyotutesa. Kwetu anayekuja msibani hafukuzwi, na alichokuja nacho hakiulizwi kimetoka wapi. Unga, kuni, maharage, vyote vinatangazwa mbele ya watu, kisha vinapelekwa jikoni. Hata yule mnayegombania naye mpaka wa shamba, akija na debe la mahindi mnapokea. Basi kabla hatujamaliza matanga walikuja vijana kutoka kituoni, wamevaa kiraia, wameleta gunia la mchele wa Madibira. Mmoja wao alilibeba mwenyewe begani. Alipolitua akaenda kupiga magoti kwenye mkeka alipokaa dada, akampa mkono wa pole. Dada alikuwa amevimba macho hata haoni vizuri. Akamwambia, "Asante, mwanangu."

Mchele ule tuliupika. Waombolezaji walikula, sisi wenye msiba tukala, na kuna walioomba kuongezwa.

Matanga yalipokwisha, mtu mmoja aliyekuwa amefungiwa pamoja na kijana wetu aliachiwa. Alikuja hadi kwa dada, akakaa, akamweleza alichokiona. Kijana alipigwa aseme pikipiki iko wapi, akapigwa hadi akaacha kulia. Akamtaja na aliyempiga. Ni yuleyule aliyepiga magoti kwenye mkeka.

Dada hakulia siku hiyo. Alijifunga kitenge akaanza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine, akiambiwa njoo kesho, hadi askari yule akashtakiwa. Watu walidhani anataka fidia, au anataka mtoto wa mwenzie aozee jela. Mimi aliniambia anachotaka, tukiwa tunachambua maharage jikoni kwake. "Nataka waandike kwamba aliuawa, basi. Hiyo presha yao waifute." Hakuna kingine alichowahi kuniomba nimsindikize kukitafuta.

Kesi ilipoanza, picha nayo ikaanza kuzunguka. Kumbe msibani kuna mtu alipiga picha: askari yule, gunia begani, nyuma yake wanawake wetu wameshika masufuria. Ikaingia kwenye magrupu ya simu, na maneno yakaja nayo. Familia ilishasamehe. Familia imekula imeshiba, sasa inatafuta jina. Polisi nao ni watoto wa watu, wakifungwa nani atatulinda? Kanisani mama mmoja alinieleza, kwa ile sauti ya upole inayoniudhi kuliko matusi, kwamba ukila cha mtu umekwisha kupatana naye. Mwenye duka ninakochukua vitambaa, Mhindi mzaliwa wa Mbeya kama mimi, ndiye peke yake aliyeuliza mama wa marehemu anaendeleaje. Nusura nilie mbele ya majora yake.

Halafu akaja mteja wangu mmoja, mtu wa siku nyingi, kuulizia gauni lake la kipaimara cha bintiye. Akakaa kwenye benchi, akaanza: watu wa Iringa wale wana tamaa, wamekula kwanza ndipo wakakumbuka kushtaki. Nilizima redio. Nikakunja kitambaa chake kikiwa kimekatwa nusu nikamwekea mapajani, nikamwambia mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mpakuaji wa wali ule, na marehemu alikuwa ananiita mama mdogo. Alitoka bila kuaga. Hajarudi, na wala simtaki.

Ninapoandika haya hukumu bado haijasomwa, na sitabahatisha itasemaje. Lakini siku dada alipotoa ushahidi nilipanda basi kwenda Iringa, na nilikuwepo. Chumba kilijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya haki, wengine kutazama tu. Mshtakiwa alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, nikajikuta namchukia hadi aliyelipiga pasi.

Wakili wake alikuwa na ile picha mkononi. Akamuuliza dada kama aliupokea mchele wa mshtakiwa.

"Niliupokea," dada akasema.

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asante, mwanangu."

Watu wakaguna nyuma yangu. Wakili akasema kwamba mama mwenye shaka yoyote juu ya kifo cha mwanawe asingetamka maneno yale. Dada akataka kueleza, akaambiwa ajibu alichoulizwa tu, kisha wakili akakaa, ameridhika. Nilitamani nivue kiatu nimrushie. Siku nzima ya msiba wetu, na desturi tuliyoachiwa na wazee ili watu wasichukiane makaburini, bwana huyu alikuwa ameigeuza kuwa ushahidi wa kumtetea muuaji.

Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa na swali moja: kwa nini dada aliupokea mchele ule.

Dada alishika ubao wa kizimba cha mashahidi. Hakumtazama wakili, wala jaji. Alimgeukia yule kijana mwenye shati jeupe.

"Siku ile mimi nilikuwa sijui mwanangu kafaje," akasema. "Huyu aliyenipa mkono alikuwa anajua."

Jaji alikuwa ameinama akiandika. Akainua kichwa, akasema, "Mama, rudia taratibu, niandike."

Dada akarudia.