Gari Langu Lenye Adabu

Ujinga huu niliutafuta mwenyewe: nilinunua gari la kifahari lililokwisha kuchoka, kisha nikalitungia uongo. Mimi ambaye hata mjini Msata nafika kwa kusukumwa, gari kama hilo la nini?

Gari lenyewe halina springi. Linabebwa na mifuko ya upepo, na mifuko ilikuwa inavuja. Kila nikiliegesha, linashuka taratibu mpaka tumbo linakaribia mchanga. Fundi alinisihi nibadilishe mifuko. Mimi nikawatambia majirani: "Magari ya wakubwa ndivyo yalivyo. Linainama kuwaamkia wazee."

Jirani yangu Bi Mwanaidi akasadiki, akaniomba nimpeleke bintiye kwa mumewe, Mlingotini. Nikakubali, na miwani ya jua nikavaa.

Siku ya siku bibi harusi akaingia, na mashangazi watatu walioshiba wakamfuata. Gari likashusha pumzi, likalala chini. Nikawasha, nikabonyeza kila kitufe, wapi! Vigelegele vikakatika. Huko Mlingotini bwana harusi anapiga simu.

Bi Mwanaidi akainama dirishani.

"Marahaba, Baba Zuhura, tumeitikia. Sasa liambie linyanyuke, mwanangu ameolewa Mlingotini, hakuolewa na gari lako!"