Kata Isiyoonjwa Nyumbani kwa Salvina

Habari hii hamtaiamini. Paroko mwenyewe alipoisikia alisogea karibu kunusa pumzi ya msimuliaji. Lakini ni ya kweli yote, kuanzia ndizi mpaka mbwa, na anayebisha apande Uru, juu ya Moshi mjini, aulize nyumba ya Salvina. Ataonyeshwa. Akifika, ajue ataulizwa yeye ni nani, katumwa na nani, na kwa nini viatu vyake havina vumbi. Ndivyo Salvina alivyo. Mvua ikinyesha bati zima linalia, yeye bado anatoka nje kuhakikisha.

Salvina ana kampuni. Si genge, si kibanda, ni kampuni yenye jina na muhuri. Vijana wa mjini wanaziita stataapu, na wakilitamka neno hilo wananyoosha shingo kama jogoo aliyemeza punje kubwa. Kazi ya kampuni ni moja tu, mtori wa wazazi, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mwanamke akijifungua pale Moshi mjini lazima apate mtori, na mtori mzuri ni wa ndizi mshare, na mshare lazima imenywe, na utomvu wake ukishika kucha za mtu wa ofisini, anaingia kazini kama katoka gereji. Basi wewe mume unabonyeza simu, na asubuhi bodaboda anakuletea ndizi zimeshamenywa, nyeupe, na nyama na mifupa yake pembeni. Iliyobaki ni kuinjika tu, na hilo nalo wengine linawashinda.

Sasa, ndizi ikimenywa haikawii kuwa nyeusi. Za Salvina haziwi. Analoweka kwenye maji ya kitu fulani alichoonyeshwa na marehemu mama yake, na kitu hicho hakuna aliyekijua, hata baba yake mdogo, Thadeus, mtu anayejua mambo mengi kuliko madarasa aliyokaa, na ambaye ndiye anayewaandikia haya.

Mwenzake katika kampuni ni Godlove, mtoto wa shangazi yake. Godlove alisomea kompyuta Arusha, ndiye aliyetengeneza ule mpango wa watu kuagiza kwa simu. Hisa waligawana nusu kwa nusu kabla ya oda ya kwanza, mbele ya Thadeus, kwa ushauri wa Thadeus. Aliwaambia, gawaneni sasa hivi sufuria ikiwa tupu, maana harufu ya nyama ikishatoka kila mtu atakumbuka kuni zilikuwa zake. Nyie mnaoanza kampuni na rafiki zenu mnasema tutaelewana mbele ya safari, haya, endeleeni.

Wakaenda vizuri, mpaka akaja Ildefonce.

Huyu ni mzaliwa wa Uru aliyekulia Dar, ana hoteli mjini wanakolala wageni kabla ya kupanda mlima. Alishuka kwenye gari akatazama migomba kama mtu anayepima kitambaa cha suti.

"Dada Salvina," akasema, "wazazi ni wachache. Mama akishapata nguvu, umempoteza mteja. Wageni wa mlima ndio wa kuwakimbilia. Pale kwangu wanapikiwa huu mtori, wanaupenda! Achana na wazazi, ununue mashine, uajiri watu, uingie hoteli zote kwa mpigo. Mtaji natoa mimi. Wewe unanipa nusu yako ya kampuni, na ile siri ya maji."

"Na Godlove?"

"Kijana tutamwelewesha," akasema Ildefonce, akatabasamu upande mmoja. "Jumapili nakuja kuchukua jibu."

Neno "tutamwelewesha" lilimkaa Salvina kooni kama mfupa. Tutamwelewesha, au ameshaeleweshwa? Maana Godlove siku hizo alikuwa amebadilika. Bodaboda wa mwisho akiondoka tu, na yeye huyo, katoweka. Ukimuuliza, "Nina shughuli." Anarudi jioni ananukia sabuni, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni, na simu yake akiiweka mezani anailaza kifudifudi.

Halafu Justina, muuza parachichi ambaye macho yake hayajawahi kupumzika, akamvuta Salvina kando sokoni.

"Binamu yako nimemwona anaingia kwenye hoteli ya yule Ildefonce."

"Kuna ubaya gani? Hoteli si ya kila mtu?"

"Mlango wa nyuma, shoga yangu."

"Wa nyuma?"

"Wa nyuma. Tena aliangalia huku, akaangalia huku, kama kuku anayetaka kuingia stoo."

Salvina alirudi nyumbani. Huyu ni Godlove waliyelelewa naye kihamba kimoja, shamba moja la ukoo, wakinyang'anyana ukoko wa sufuria. Kama anamuuzia Ildefonce siri, kuna haja gani ya kumngojea Jumapili? Si bora asaini yeye kwanza? Wazo hilo lilimtia aibu, lakini halikuondoka.

Siku ile ile akabadilisha namba ya siri ya simu ya kampuni. Akapiga kufuli mlango wa jiko la kulowekea, akawa analoweka alfajiri kabla Godlove hajafika. Na ili mwizi akiiba aibe uongo, akawa anatupa maganda ya limau jalalani, palepale panapoonekana, ingawa limau katika maji yale halimo. Huyu ndiye Salvina! Hata takataka zake zinadanganya.

Godlove aliliona kufuli. Akaligusa, akaliacha. Kuanzia hapo na yeye akaanza kumtazama binamu yake kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameziona alama za matairi ya gari uani, na Salvina hakumwambia ni za nani. Wakawa wanafanya kazi bega kwa bega, kila mmoja anamlinda mwenzake asiibe.

Kampuni ya hivyo haifi kwa kukosa wateja. Asubuhi moja mfuko wa Hilda, mzazi wa pale mjini, haukwenda. Salvina alidhani Godlove ameuona kwenye simu. Godlove angeuonaje, na namba imebadilishwa? Mama mkwe wa Hilda akapiga.

"Mwanangu Salvina, mzazi wangu ameshindia chai ya rangi. Maziwa yatatoka wapi? Kama mmepata wateja wakubwa, semeni, tumenye wenyewe."

Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Salvina zaidi.

Jumapili ikafika. Baada ya misa Ildefonce akaja na ndoo ya mbege, pombe ya ndizi, kwa kuwa mtu alimwambia Uru hawaendi kuomba jambo mikono mitupu. Wakakaa uani, Salvina, Godlove, Ildefonce na Thadeus. Ildefonce akachota kata ya kwanza ikajaa povu, akampa Salvina kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Salvina akaishika, hakuinywa.

Hapo lazima mwelewe. Mlimani, aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza. Watu wamwone anameza, watulie, ndipo kata izunguke. Desturi hii ni ya tangu enzi ambazo watu waliwekeana sumu, na kwa jinsi Salvina anavyowatazama binadamu, enzi hizo bado hazijaisha.

"Onja kwanza, kaka," akasema Salvina.

"Aa, mimi mbege hainikubali, dada. Tumbo. Nyie kunyweni tu."

Salvina akaiweka kata chini, karibu na mguu wa Thadeus. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la mtori linalotoa mvuke.

"Basi onja hiki. Hiki ndicho unachotaka kukinunua."

"Nimetoka kula sasa hivi."

"Kijiko kimoja, kaka. Hakina mfupa."

Ildefonce akachota kwa ncha ya kijiko, akagusisha ulimi. Uso wake ukawa kama wa mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. "Unajua, sisi tuliokulia Dar, mtori hatukuuzoea sana."

"Hujawahi kuula?"

"Siyo lazima niule mimi. Wageni wanaupenda! Wanamaliza mabakuli."

Godlove, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Wanamaliza?"

"Muulize mpishi wangu."

"Mpishi simuulizi. Hayo mabakuli ninayaosha mimi."

Wote wakamgeukia.

"Niliomba kibarua jikoni kwako, bosi. Kila mchana nipo kwenye masinki. Hunijui kwa sababu hujawahi kuingia jikoni. Mgeni anachota kijiko kimoja, anapiga picha, anarudi kwenye chipsi zake. Mtori unarudi umejaa. Tunampa mbwa wa mlinzi, na mbwa mwenyewe amenenepa mpaka getini anapita kwa upande."

"Mpishi ananiambia unaisha kila siku!"

"Unaisha kweli, bosi. Mbwa hajawahi kuacha."

Salvina hakucheka. Alikuwa anavitazama vidole vya Godlove, vile vilivyokunjamana. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wakati gani? Umefunga jiko kufuli, umebadilisha namba. Nikajua umeshakubaliana naye, mnanitoa. Na kibarua niliomba tangu siku gari lake lilipokuja ukanificha; mjini alishajisifu kwamba anatuingiza hotelini, nikasema basi, kabla hatujauzwa, acha nikawaone hao wateja tunaouziwa, kwa macho yangu."

Mjifunze hapo, nyie mnaokaa na kompyuta mapajani mkihesabu wateja ambao hamjawahi kuwaona wakila. Mteja akikusifia, usimsikilize mdomo. Nenda ukalitazame bakuli lake.

Ildefonce, tumpe haki yake, hakuwa mwizi. Alikuwa anauza chungu ambacho hajawahi kukionja, na hata kudanganywa alidanganywa jikoni kwake mwenyewe. Alijifuta midomo, akauliza kama wageni wakitiliwa jibini wangeula. Salvina akasimama.

"Aika, asante kaka, kwa safari. Nusu yangu siiuzi. Na wazazi siwaachi."

Gari lilipoondoka Salvina alitoa ufunguo shingoni, alikokuwa ameufunga kwa uzi pamoja na rozari. Akafungua lile kufuli, akamwashiria Godlove aingie. Godlove akabaki mlangoni.

"Siyo lazima, dada. Weka tu siri yako."

"Ingia. Nilikushuku."

"Na mimi nilikushuku."

"Wewe ulinishuku ukaenda kuosha vyombo. Mimi nilikushuku, Hilda akashinda na chai."

Akachota kwa kata maji ya kwenye beseni la kulowekea. Akanywa yeye kwanza, taratibu, Godlove akimwona koo linavyopanda na kushuka, ndipo akampa. Godlove akanywa, akakunja uso, kisha macho yakamtoka.

"Hiki tu?"

"Hicho tu. Na ukimwambia baba mdogo, nakufukuza."

Kitu chenyewe ni nini, msiniulize, nimeshanusa beseni lile mpaka pua imechoka. Kufuli liliondolewa, namba ya siri akapewa Godlove, na mfuko wa Hilda ukapelekwa na Salvina mwenyewe na pole juu yake.

Lakini msije mkasahau aliyeiokoa kampuni. Pale Ildefonce alipotoa kata bila kuonja, Salvina alishikwa na bumbuwazi, hajui la kufanya. Ndipo Thadeus, aliyekuwa amenyamaza kwa hekima, akainuka, akapiga fimbo chini ardhi ikaitika, akasema "Onja kwanza!" kwa sauti iliyowafanya watu mia mbili waliojazana uani siku ile waka—

"Baba mdogo, nisogezee hiyo karatasi nisome. Watu mia mbili gani? Tulikuwa wanne, na wewe kata ile isiyoonjwa uliimaliza Ildefonce hata kijiko hajashika, ukalala kwenye mgomba umekumbatia ndoo. Haya, futa hapo, shika kisu umenye. Kuna mzazi anasubiri."