Daktari wa Ngara Hakuwa na Masharubu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mshipi wa buluu na nikaonywa nisiote mwekundu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali kubwa ya Waafrika hapa Nairobi. Mshipi ndio uliokuwa cheo. Buluu ni mwanafunzi, kijani ni aliyefuzu, mwekundu ni sista, na sista alikuwa Mzungu, basi. Hata ungefuzu mara saba, kiuno chako kisingeuona wekundu.

Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alitupanga mstari uani. Wengi wetu tulikuwa wasichana wa magharibi mwa nchi, wa shule za misheni, na viatu tumevibeba mkononi visichakae njiani. Matroni alizungumza kile Kiswahili cha masetla, cha kuamuru wapishi. Nilipouliza kwa nini mgonjwa wa kitanda cha dirishani hapewi maji, alinijibu, "Wewe hapana fikiri. Fikiri kazi ya daktari." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimelelewa Maragoli na mama aliyekuwa mkunga, na neno lile lilinikaa kooni. Halijashuka mpaka leo. Wajukuu wakiuliza mbona bibi ana hasira, nawaambia waanzie hapo.

Nilipovaa mshipi wa kijani nikapelekwa wadi ya kujifungulia, ambayo tuliiita materniti. Hapo nilijifunza kutumia kipembe, kidude cha mbao chenye mdomo mpana. Upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, mwingine sikioni, na unasikia moyo wa mtoto kama kuku anayedonoa mtama juu ya bati, mbali kidogo. Nilikipenda. Lakini mama akichanika hatukuwa na ruhusa ya kumshona. Tulimngoja daktari, na daktari alikuja akimaliza chai yake. Nimeona wanawake wakivuja damu wakingoja kikombe cha mtu.

Wakati huo ndipo alipoletwa Daktari Hansa Morvani. Jamani, hatukuwa tumewahi kuona daktari mwanamke, awe mweupe, Mhindi au Mwafrika. Alizaliwa hapo Ngara, binti ya karani wa reli, akasomea Bombay. Alikuwa mwembamba, sari nyeupe ya pamba, na miguuni viatu vya kiume vya kufunga kamba, kwa sababu alisema vya kike vilitengenezwa na mtu asiyesimama kutwa. Mganga Mkuu, bosi wa madaktari wote, alimtazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Akampa kazi ya kukagua chawa katika vichwa vya watoto wa shule. Cheti cha upasuaji kutoka Bombay, halafu chawa! Alipoomba zamu ya materniti, aliambiwa mbele yetu sote kwamba mikono ya mwanamke hutetemeka. Sisi wauguzi tulitazama sakafu. Tulikuwa tumetoka kuzalisha mapacha kwa mikono hiyohiyo inayotetemeka.

Hakungoja afukuzwe. Alinikuta koridoni nikibeba mabeseni akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mimi nafungua kwangu Ngara. Wewe taka jua kushona? Basi kuja." Nilivua mshipi wa kijani wiki hiyohiyo. Mama yangu aliposikia nimeacha kazi ya serikali alilia kama aliyefiwa.

Kwake Ngara palikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la viungo. Pilipili ikitwangwa, wagonjwa wote walipiga chafya. Vyombo tulivichemsha juu ya stovu ya mafuta ya taa mpaka dirisha likalowa mvuke. Kushona alinifundisha kwa ulimi wa mbuzi kutoka buchari, maana nyama ya ulimi huteleza na kuvutika kama ya binadamu. Wa ng'ombe hakukubali uingie mle ndani, na hata huo wa mbuzi aliushika kwa koleo ameziba pua, kwa kuwa alikuwa hali nyama tangu azaliwe. Alikagua kila fundo langu. Likilegea alikata uzi wote nianze upya, na hakusema pole. Alikuwa mkali, msidhani nawasimulia malaika. Lakini ukali wake ulikuwa wa kukufanya ujue, si wa kukufanya usijue, na tofauti hiyo nimeipima kwa wakubwa wengi waliokuja baadaye.

Tulizalisha kila mtu. Wake wa wafanyabiashara, mayaya, wake za makalasinga wa karakana. Siku zile za Hali ya Hatari mwanamke wa Kikuyu asiye na pasi hakuthubutu kuvuka barabara hata akiwa na uchungu, basi Daktari alimfuata alipo, mkoba mkononi, nami nyuma yake. Askari walipotusimamisha aliwauliza kama mama zao waliwazaa kwa kibali.

Sasa nifike kwa Zubeda, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha maneno haya yote.

Zubeda alikuwa mke wa Bwana Rahim, muuza vitambaa wa jumla, Waislamu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika tangu jana yake na mtoto hakushuka. Bwana Rahim alikuwa mtu wa kisasa, mwenye redio na gari, na mtu wa kisasa hakuwa na imani na daktari wa kike. Akamleta daktari mkubwa wa mjini, mwanamume, mwenye suti. Alimsahau mama yake. Katika nyumba ile hakuna mwanamume, ila mume, aliyewahi kumwona Zubeda bila mtandio, sembuse hayo mengine. Bibi yule, waliyemwita Dadi, aliburuta kitanda cha kamba akaziba nacho mlango, akakikalia. Daktari mkubwa alibisha, akaeleza, akapandisha sauti. Dadi alimwambia mwanawe kwa Kipunjabi kwamba mwanamume huyu atapita hapa juu ya maiti yake. Daktari alitazama saa, akaingia garini, akaenda zake. Zubeda ndani alikuwa hata kulia hawezi tena.

Ndipo tukaitwa sisi. Dadi alimpisha Daktari Hansa, Mhindu, bila neno. Mimi akanionyesha jikoni kwa kidole. Daktari alisimama palepale kizingitini.

"Huyu mkono yangu," alisema. "Mkono moja hapana zalisha mtoto. Yeye rudi, mimi rudi."

Dadi akaninyanyulia pazia.

Mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Vijana mnaosomea kazi hii sikilizeni vizuri. Mtoto wa hivyo, mkunga mwenye pupa humvuta. Ukimvuta, mikono yake hupanda juu na kichwa hukwama, na hapo umemuua. Kazi ni kutovuta. Unamwacha aning'inie kwa uzito wake mwenyewe mpaka uone nywele za kisogo, ndipo unamshika miguu na kumpandisha taratibu kuelekea tumbo la mama. Kukaa na mikono mitupu huku mtoto ananing'inia hivyo ni jambo gumu kuliko upasuaji wowote niliowahi kuhudhuria. Daktari Hansa alikaa. Mimi nilikandamiza juu ya kinena cha Zubeda ili kichwa kibaki kimeinama. Dadi alikuwa pembeni anasoma dua. Mikono ya mwanamke ile ilikuwa wazi mbele yangu, na haikutetemeka.

Mtoto alitoka rangi ya zambarau, kimya, amelegea. Daktari alikuwa na Zubeda, damu inatoka, hakuweza kumwacha. Nilichukua mpira mwembamba, nikaupitisha kooni mwa mtoto, nikafyonza ute kwa mdomo wangu nikatema, nikafyonza tena. Halafu nikampulizia, pumzi ndogo za mashavuni tu, maana mapafu ya mtoto mchanga hupasuka. Akakohoa. Akalia. Alikuwa msichana. Dadi alinishika uso kwa mikono miwili, yeye aliyetaka nikae jikoni.

Na Bwana Rahim? Alikuwa nje anazurura kama kuku aliyemwagiwa maji. Daktari alikuwa amemwamuru achemshe maji, basi alichemsha. Alikuwa hajawahi kuwasha jiko maishani mwake, akaunguza vidole. Nikamfunga bendeji mimi.

Nilikaa na Daktari Hansa miaka mingi. Nilipoolewa, ningekuwa bado serikalini ningefukuzwa, ndio ulikuwa mtindo, muuguzi akiolewa anavua mshipi. Yeye aliniuliza tu kama bwana anajua kupika. Baada ya Uhuru alinisukuma nirudi nikasimamie zahanati ya jiji upande wa magharibi, akisema sasa watu wanaofikiri wanahitajika huko. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, nikahamia kwa binti yangu mtaa wa Jamhuri. Daktari alifia Ngara, na hakuna gazeti lililoandika hata mstari mmoja. Nililia, kisha nikanyamaza, nikajiambia walioletwa duniani naye wanamjua.

Kumbe!

Mwaka juzi mjukuu wangu Imani, akiwa kidato cha tatu, alikuja nyumbani na setibuku, kitabu cha kusomea mtihani. Riwaya ya makuzi, ya msichana anayekulia Ngara, duka la vitambaa, bibi mkali aitwaye Dadi. Nikatazama jina la mwandishi: Nasim, binti Rahim. Mtoto wangu wa zambarau! Nilifurahi mpaka nikampigia simu shemeji yangu Kisumu. Halafu nikaanza kusoma, na sura ya kwanza tu ni kuzaliwa kwake. Daktari anaingia na mkoba. Mwanamume. Ana masharubu, sauti nzito, anavuta kiko. Bwana Daktari huyu anamwokoa mama na mtoto, na kitabu kizima msichana anakua akimkumbuka yeye, na mwisho anaamua kusomea udaktari kwa ajili yake.

Imani aliandika katika mtihani kwamba daktari wa Ngara alikuwa mwanamke, kwa sababu bibi yake alifanya kazi naye. Mwalimu akamkata maksi, akaandika kwa wino mwekundu kwamba enzi hizo hakukuwa na madaktari wa kike. Nilikasirika nikashindwa kula. Mganga Mkuu alimnyima Daktari wadi. Mwalimu huyu amemnyima hata kuwa aliishi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Imani akagundua kwamba mwandishi atasoma kitabu chake katika duka la vitabu kule Karen, Jumamosi. Nikavaa nguo ya kanisani tukaenda. Watu walikuwa wengi, wamekaa vizuri, wanakunywa juisi. Nasim ni mwanamke mzuri, mvi zimemkaa, uso ni wa Dadi mtupu. Alisoma sura ileile. Watu wakapiga makofi, wakaulizwa nani ana swali, nikasimama.

Nikamuuliza kama mama yake alimwambia nani alimzalisha.

"Ndiyo, Mama," alijibu kwa heshima. "Daktari Hansa. Lakini hii ni riwaya, si historia. Na mhariri aliona wasomaji hawataamini mwanamke wakati ule. Nilitaka daktari wangu aheshimiwe."

Shukrani ya punda ni mateke. Sauti yangu haikutetemeka.

"Daktari wako mwenye masharubu alikuja kweli," nilimwambia. "Baba yako alimleta na gari. Dadi yako aliziba mlango kwa kitanda cha kamba, akamrudisha. Ukimweka mwanamume katika hadithi ile, binti yangu, hukuzaliwa. Umekufa ndani ya mama yako, na yeye amekufa na wewe, na hakuna wa kuandika kitabu. Nilikuwepo. Ute wako nimeufyonza kwa mdomo huu."

Nasim aliketi, akaniuliza ya Dadi, na mlango, na kitanda. Mama yake alikuwa hajamwambia hayo. Nikamsimulia yote, palepale, mbele ya watu wote, kutoka kutovuta mpaka kukohoa, na hata vidole vya baba yake alivyoviunguza akichemsha maji, akacheka huku analia. Nikamwomba kitu kimoja, amrudishe Daktari Hansa. Akanishika mikono akaahidi. Kwa ajili yangu mwenyewe sikuomba chochote. Niliona hakuna haja, nilikuwa nimesimama mbele yake.

Wanasema uzeeni hasira hupoa. Yangu nimeingoja ipoe na sasa nimeacha kungoja, nimeiona ina manufaa yake. Isingekuwa hiyo ningekaa Jamhuri nikifuma vitambaa vya makochi huku mwalimu akifundisha uongo.

Toleo jipya limetoka mwezi uliopita. Nasim alinitumia nakala, ameandika ndani maneno ya mapenzi. Nilivaa miwani nikasoma sura ya kwanza kwa sauti, Imani akinisikiliza. Masharubu hayapo, kiko hakipo. Dadi ameziba mlango kwa kitanda cha kamba. Daktari ni Hansa Morvani, jina kamili, na viatu vyake vya kamba. Anamwacha mtoto aning'inie, anangoja, hamvuti. Kisha mtoto anatoka kimya, na Daktari Hansa anafyonza ute kwa mdomo wake, anapuliza, mtoto analia. Na jikoni yuko yaya Mwafrika, hana jina, anachemsha maji.