Maziwa Tu, Mama

Naona haya hata kusimulia. Krismasi yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu pale Homa Bay, nilimtengenezea mama mkwe kinywaji nilichojifunza nikipika kwa Mzungu: maziwa, sukari, mayai mabichi na brandi. Mama ameokoka, kwa hiyo brandi niliiacha. Hata hivyo nilinusa kikombe mara tatu, nikihofia harufu ya pombe.

"Umetia nini humu?" akauliza.

"Maziwa tu, Mama."

Akanywa, akasifu, akaomba tena. Nikashusha pumzi. Mara akatoa kitu cheupe ulimini, akakigeuzageuza. Ganda! Kwetu, kwa wanawake wa rika lake, yai ni mwiko, nami nilikuwa nimewaza pombe tu.

"Nyathina, mwanangu," akasema polepole, "kumbe kwenu Migori ng'ombe hutaga?"